Makabati ya Kombi Yasitupwe

Jambo hili limesemwa sana bwenini na chini ya mwembe, lakini bado hakuna aliyethubutu kuliandika na kutia jina lake chini.

Kama wenzangu mjuavyo, nyuma ya karakana imesimama ile Kombi ya rangi ya krimu, ya mwaka 1974, ambayo mwalimu mmoja aliyestaafu aliiachia shule. Ni motokaa ya kulala safarini. Ndani ina benchi likunjukalo likawa kitanda, makabati mawili, meza ndogo, na paa liinukalo lenye turubai. Injini yake inawaka vizuri. Lakini ukifungua mlango wa ubavuni utasikia harufu ya panya na ya godoro lililolowa. Mpira wa sakafuni umepasuka, milango ya makabati yaning'inia kwenye bawaba moja moja, na nyaya za taa zimefungwa kwa plasta ya vidonda. Chama chetu cha Wasafiri kimechanga fedha muda wa mihula mitatu ili kuitengeneza. Fedha zenyewe ni chache, na sasa swali ni moja tu: zitumikeje?

Rai iliyo na wafuasi wengi ni hii: tung'oe kila kitu, tutupe, tuweke vipya. Makabati ya chipubodi nyeupe ing'aayo, friji, taa za rangi kwenye dari, redio kubwa, na viti vya ngozi bandia. Mwenzangu mmoja alichora picha nzuri sana ya mambo hayo na kuibandika ubaoni, na kwa kweli nilipoiona hata mimi nilitamani. Lakini tamaa si hesabu. Mimi naona rai hiyo ina makosa, na nataka kueleza kwa nini.

Kwanza yafaa tujue tuna kitu gani. Watu husema "gari bovu lile" kwa sababu hawajui asili yake. Mwaka 1947 Mholanzi mmoja aitwaye Ben Pon alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu manne, dereva akikaa mbele kabisa na injini ikiwa nyuma. Kutokana na mchoro huo kiwanda cha Volkswagen kilianza kuunda gari hili mwezi wa Machi 1950 kule Wolfsburg, Ujerumani, na mwaka 1956 kazi ikahamishiwa Hannover. Brazili waliendelea kuliunda mpaka mwisho wa mwaka 2013. Yaani umbo lile lile, kwa mabadiliko machache, liliishi zaidi ya miaka 60.

Lakini linalonipendeza mimi ni habari ya makabati. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia, ya mji wa Wiedenbrück, ilianza kuuza sanduku la kambi la kutiwa ndani ya Kombi. Mtu aliweza kubeba mizigo ya duka lake Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi akatia sanduku lile, akawa na kitanda na kabati, akaenda ziwani na watoto wake. Hakuna kilichogandishwa milele. Mafundi wale walijua kwamba ndani ya gari kila sentimeta ina kazi yake, na kila kilo ina gharama yake.

Nasema kilo kwa makusudi. Kombi yetu ina injini ya sisi 1600, ambayo nguvu zake ni kama za farasi 50 tu. Gari liliundwa kubeba kiasi cha tani moja, watu na mizigo pamoja. Sasa twaeni kalamu. Bamba moja la chipubodi la unene wa milimeta 18, la kipimo cha kawaida cha meta 2.44 kwa 1.22, lina uzito upatao kilo 35. Bamba la plaiwudi la milimeta 12, ambalo kwa kazi ya kabati ni imara vya kutosha, lina uzito upatao kilo 20. Mchoro ulioko ubaoni wahitaji mabamba sita. Basi chipubodi itatupa kilo 210, na plaiwudi 120. Tofauti yake ni kilo 90, yaani ni kama kupakia wanafunzi wawili wembamba ambao hawashuki kamwe, hata kwenye mlima wa kuelekea Kabale. Tena chipubodi ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi. Ikilowa huvimba kama mkate katika chai, na ikishavimba hairudi. Motokaa ya safari hulowa. Mvua huingia, maji humwagika, watu hurudi na viatu vya tope. Na skrubu iliyotiwa kwenye chipubodi haikubali kutikiswa na barabara zetu za vumbi kwa muda mrefu: tundu hupanuka, bawaba hutoka, na mlango huja mikononi.

Makabati ya zamani je? Nimeyachunguza mwenyewe Jumamosi mbili nzima, nikiwa na tochi na bisibisi. Ni plaiwudi iliyogandishwa fomaika juu. Kabati la karibu na mlango limebanduka kwenye pembe mbili za chini. Lile la nyuma ni zima kabisa isipokuwa uchafu na kinyesi cha panya. Kazi yake ni sabuni, msasa, gundi ya mbao, vibano vya kushikia usiku mmoja, na skrubu mpya katika matundu yale yale ya zamani. Pale palipooza, tukate kipande na kutia kingine. Kwa hilo hatuna haja ya kununua mbao za fahari. Mti wa musizi, ambao hapa Uganda hutumika kutengenezea plaiwudi, ni mwepesi na hukatika vizuri kwa msumeno wetu. Kuna aliyesema tutumie mvule. Mvule ni mti mzuri, na meza ya ofisi ya Mwalimu Mkuu ni shahidi; lakini mvule ni mzito, na hiyo ni motokaa, si ofisi.

Nimesema tusitupe makabati. Sikusema tusitupe kitu. Wako wapenzi wa vitu vya kale ambao wangetaka hata kutu iachwe kwa heshima ya wazee! Mimi si katika hao. Godoro lile litupwe leo kabla ya kesho. Sponji ya zamani ikishakuwa unga haina dawa, na yale madoa sipendi kuuliza yalitoka wapi. Tununue sponji ngumu ya unene wa sentimeta 10, tuikate vipande vitatu ili benchi lipate kukunjuka: kimoja cha kukalia, kimoja cha mgongo, na kimoja cha kulala juu ya rafu ya injini. Asiyejua na ajue kwamba sponji laini ni adui. Hukulaza vizuri dakika kumi, kisha mbavu zako zahesabu ubao wa chini mpaka asubuhi.

Foronya na mapazia tuyashone wenyewe, wavulana kwa wasichana. Vitenge vipo, na cherehani mbili za darasa la sayansi ya nyumbani hukaa bure kila Jumapili. Nilipotoa wazo hili katika mkutano, wavulana kadhaa walicheka. Na waende wakaangalie mafundi wa cherehani wa sokoni ni akina nani, kisha waniambie kicheko chao kilitoka wapi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nichukue kalamu. Mwaka jana, wakati wa likizo ya Agosti, wanne kati yetu tulilala ndani ya Kombi hii karibu na Kabale. Kabale ni mji ulio juu ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku haina mzaha. Tulikuwa tumepika nje kwa sigiri. Makaa yalikuwa bado mekundu, na mmoja wetu (sitamtaja, maana hata mimi sikumkataza) akaiingiza sigiri ndani, akaiweka sakafuni, tukafunga mlango na madirisha yote. Joto lilikuwa zuri mno. Tulikuwa tukicheka. Baadaye nakumbuka kichwa kikiniuma kama kinachopigwa nyundo, na mwenzangu wa pembeni akitapika. Ilikuwa ni kutapika kwake kulikotuokoa, kwa sababu alifungua mlango ili asichafue godoro. Tulianguka nje kwenye majani yenye umande, na hatukuweza kusimama vizuri kwa muda mrefu.

Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hushika chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na hushika kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe, hata mtu akakosa hewa mwilini huku akivuta pumzi kama kawaida. Aliyelala hulala zaidi. Haya yote tulikuwa tumeyasoma katika kemia. Tulikuwa tumeyaandika hata katika mtihani, na tukapata maksi.

Ndiyo maana nikisikia watu wakibishana kuhusu rangi ya taa za dari nashindwa kunyamaza. Katika mchoro ule wa ubaoni hakuna tundu hata moja la kupitisha hewa. Vioo vya pembeni vyenye mapezi, ambavyo hufunguka hata mvua ikinyesha, vimechorwa vimefunikwa kwa mbao nyeupe "ili pawe nadhifu". Mimi nasema fedha ya kwanza iende hapo: mapezi yale yafunguke tena, yatiwe wavu wa mbu, na katika paa liinukalo turubai lishonwe upya likiwa na dirisha la wavu. Kisha kiandikwe kibao, kikongomewe juu ya mlango kwa herufi kubwa, kwamba sigiri haiingii. Na kama fedha ikibaki, tununue kile kifaa kidogo kiliacho king'ora kikihisi gesi hiyo. Hata tukiwa nacho, sigiri haiingii.

Na jiko la gesi? Wengine wameshauri tuweke mtungi wa kilo 6 ndani ya kabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, bali hushuka chini ikatulia sakafuni kama maji, ikingojea cheche. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa, linalopenya sakafu na kutoka nje, na lifungwe barabara upande wa ndani. Kazi hiyo si ya kubahatisha. Rai yangu mimi ni kwamba sisi wanafunzi tupike nje, chini ya mti, kama tulivyozoea. Ndani tuweke rafu ya sufuria na dumu la maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo likae chini, lifungwe kwa mkanda. Siku dereva akikanyaga breki ghafula, dumu lisilofungwa litafika mbele kabla yake.

Friji nimeipinga na naipinga tena, kwa hesabu. Friji ndogo ya betri yavuta kiasi cha wati 45 inapofanya kazi, na katika joto letu tuseme hufanya kazi nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa wati 22 na nusu mchana na usiku. Betri ya pili ya ampea-saa 60 kwa volti 12 ina wati-saa 720, na mwenye busara hutumia nusu tu ili betri isife mapema, yaani 360. Gawanyeni: saa 16, kisha giza. Lakini taa tatu ndogo za LED za wati 4 kila moja zitawaka saa 30 kwa betri hiyo hiyo. Mimi nachagua taa. Soda ya moto haijaua mtu.

Nyaya zote za ndani zitolewe. Hapo sina huruma na ukale. Waya ulioguguna panya ukigusa bati hupata moto mwekundu kwa dakika chache, na pembeni yake pana sponji na vitambaa. Kila waya upite katika bomba la plastiki, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu, haulindi ulio nyuma. Na tukiwa bado tumefungua mambo, mwalimu wa ufundi akague mipira ya petroli iliyo nyuma kwenye injini. Najua hiyo si kazi ya ndani. Lakini mpira wa petroli huzeeka ukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na Kombi nyingi zimeteketea kwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ndogo. Kibaya zaidi, kasha la injini hii ni la mchanganyiko wa magnesi, na magnesi ikishashika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Kutia viti vya ngozi mbele ya mpira uliopasuka ni kumvika kilemba mtu mwenye nyumba inayoungua.

Kuhusu sakafu nitasema kidogo, ingawa ndiyo kazi kubwa. Mpira wote utolewe, tuone bati. Nilipofunua pembe moja nilikuta kutu inayotoka kwa kucha. Lazima ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, pale palipotoboka pachomelewe na fundi, kisha dawa ya kutu na rangi mbili. Pumzi za watu wanne usiku hugeuka maji kwenye bati la baridi, na maji hayo hushuka nyuma ya mbao za ukutani. Kwa hiyo wale wanaotaka kujaza kuta kwa sufu ili pawe na joto wangoje kwanza. Sufu hunywa maji ikayashika, na kutu hula kimya kimya mahali pasipoonekana.

Kuna jambo moja la urembo ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili. Msichana mmoja wa darasa letu, ambaye kwao Masaka babu yake hutengeneza lubugo, alishauri dari ya nyuma, mbali na mlango na mahali pa taa, ifunikwe kwa nguo hiyo ya gome la mti wa mtuba. Kazi ya lubugo ya Waganda ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wao. Rangi yake ya udongo itafaa sana pamoja na fomaika ya zamani. Yaweza kushika moto, ndiyo. Kwa hiyo isifike mahali popote penye joto. Lakini nani mwingine ana Kombi yenye dari ya lubugo?

Limebaki suala la idadi ya watu, na hapa najua nitachukiza wengi. Mwaka juzi tulipakiwa watu 11 kwenda kwenye mashindano ya michezo, wengine wamekaa juu ya kabati, wengine wamelala kitandani gari likienda. Tuliimba njia nzima. Kama ajali ingetokea, makabati yangetuponda sisi, na sisi tungewaponda waliokaa mbele. Nataka viti vyenye mikanda vihesabiwe, na idadi hiyo iwe ndiyo idadi ya wasafiri. Kwa jinsi ndani palivyo ni watu 5: wawili mbele, watatu kwenye benchi la nyuma, mikanda ikifungwa kwenye chuma cha gari lenyewe, si kwenye mbao. Wenzangu wanasema chama kina watu 24, na kwamba gari la watu 5 ni la upendeleo. Nakubali ni tatizo. Tupange zamu kwa kura, au wengine waende kwa basi na Kombi ibebe mahema na vyombo vyao. Lakini sikubali kwamba dawa ya upendeleo ni kuwapanga watu kama ndizi.

Najua pia hoja yao iliyo nzuri kuliko zote: kwamba wageni watakapokuja siku ya wazazi watapenda kuona kitu kinachong'aa, na kwamba wazazi wakipendezwa watachanga tena. Hilo ni kweli. Sakafu isiyo na kutu haionekani, wala fyuzi haipigiwi makofi. Ndiyo sababu naomba siku hiyo tusimame pale wenyewe, tufungue makabati, tuwaonyeshe kiungo kilichogandishwa, tundu la hewa, mikanda, na mishono ya pazia, tena kila kitu kielezwe na aliyekitengeneza. Mzazi aonaye mtoto wake ameshona turubai la paa atatoa fedha kwa furaha kuliko yule aonaye viti vilivyonunuliwa mjini.

Kamati itapiga kura Ijumaa ijayo baada ya chakula cha jioni. Nikishindwa nitafuata uamuzi wa wengi, ila habari ya matundu ya hewa nitaipeleka kwa Mwalimu Mkuu hata nikiwa peke yangu. Nikishinda, kazi ya kubandua sakafu itaanza Jumamosi saa 2 asubuhi. Karakana ina patasi mbili tu, na moja haina mpini. Mwenye yake aje nayo.